Kumsomea Mtoto Kabla ya Kulala: Namna ya Kuanza na Namna ya Kudumu

Dakika 15 za kusoma pamoja na mtoto kila usiku, kitabu kikiwa kimefunguliwa mbele ya wote wawili, humpa mtoto mambo matatu kwa mpigo: maneno ambayo ni nadra kuyasikia katika mazungumzo ya kila siku, utaratibu unaouandaa mwili wake kwa usingizi, na muda wa kukaa na mzazi ambaye wakati huo hana shughuli nyingine. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuanza, namna ya kusoma, na namna ya kuendelea hata siku ambazo mtoto hatulii au mzazi mwenyewe amechoka. Niseme tangu mwanzo kwamba, kwa maoni yangu, usomaji wa usiku si darasa. Faida za elimu zipo, tena ni kubwa, lakini huja zenyewe pale mtoto anapofurahia. Mzazi anayezikimbilia kwa kumhoji na kumsahihisha mtoto kitandani huzikosa, na furaha yenyewe huiharibu.

Kwa nini wakati wa kulala

Kitabu cha watoto, hata kile chepesi chenye sentensi chache, kimebeba lugha nzito kuliko tunavyodhani. Mwaka 1988 watafiti wa Marekani Donald Hayes na Margaret Ahrens walichapisha ulinganisho wa lugha ya vitabu, ya televisheni na ya mazungumzo, wakaonyesha kwamba vitabu vya watoto vina maneno adimu mengi zaidi, kwa kila maneno 1,000, kuliko mazungumzo ya kawaida ya watu wazima waliofika chuo kikuu. Sababu yake haiko mbali. Tunapozungumza nyumbani, vitu tunavyovisema viko mbele ya macho yetu, kwa hiyo "lete kile" na "weka pale" vinatosha. Mwandishi hawezi kumwonyesha msomaji kitu kwa kidole. Inambidi ataje ukingo wa mto, ngurumo, manyoya, hofu na majuto kwa majina yake, na mtoto anayesomewa huyapata maneno hayo yakiwa ndani ya kisa anachokifuatilia kwa hamu.

Maneno hayo yanaweza kusomwa saa yoyote ya siku, na mzazi mwenye nafasi mchana asijinyime. Usiku, hata hivyo, una faida yake. Mwaka 2014 Sophie Williams na Jessica Horst wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, walichapisha utafiti uliohusu watoto wadogo wasiofikia umri wa shule, ambao walisomewa hadithi zenye maneno mapya. Baadhi yao walilala kidogo mchana mara baada ya kusomewa na wengine wakabaki macho. Waliolala waliyahifadhi maneno vizuri zaidi, na tofauti hiyo ilionekana hata walipopimwa siku 7 baadaye. Usingizi, kwa maneno mengine, huimarisha yale ambayo mtoto ametoka kuyasikia muda si mrefu, na hakuna wakati ulio karibu zaidi na usingizi kuliko ule wa kumlaza.

Faida nyingine ni ya usingizi wenyewe. Jodi Mindell na wenzake walichapisha mwaka 2015 matokeo yaliyokusanywa kwa mama zaidi ya 10,000 katika nchi 14, na ilionekana kwamba watoto waliokuwa na utaratibu maalumu kabla ya kulala walilala mapema zaidi, walichukua muda mfupi kupata usingizi na waliamka mara chache zaidi usiku. Tena kadiri utaratibu ulivyofuatwa siku nyingi zaidi kwa wiki, ndivyo hali ilivyokuwa nzuri zaidi. Kusoma hufaa sana kuwa hatua ya mwisho ya utaratibu huo, kwa sababu humtuliza mtoto mahali pamoja na kumwondoa polepole kwenye michezo na makelele.

Umri wa kuanza

Hakuna mtoto aliye mdogo mno. Mwaka 2014 Akademia ya Madaktari wa Watoto ya Marekani iliwataka madaktari wawahimize wazazi kuwasomea watoto kwa sauti tangu utotoni kabisa. Mtoto mchanga hafahamu kisa, lakini sauti anaitambua: Anthony DeCasper na Melanie Spence walionyesha mwaka 1986 kwamba watoto waliokuwa na umri wa siku chache tu walipendelea kusikia kifungu ambacho mama zao walikuwa wakikisoma kwa sauti katika wiki za mwisho za ujauzito kuliko kifungu wasichowahi kukisikia.

Katika miezi ya kwanza, basi, mzazi anaweza kusoma chochote kwa sauti ya upole, dakika mbili au tatu zikatosha. Mtoto akianza kushika vitu atakivuta kitabu, atakipiga na kukitia mdomoni, na hapo ndipo wazazi wengi hukata tamaa wakidhani bado hajawa tayari. Yuko tayari, hiyo ndiyo njia yake ya kukijua kitabu, na anachohitaji ni kitabu cha kurasa ngumu kisichochanika upesi. Akifikisha mwaka mmoja na kuendelea atapenda kuonyesha picha na kutajiwa majina, na kuanzia miaka mitatu ataweza kufuata kisa chenye mwanzo, tatizo na suluhisho. Mzazi ambaye hakuanza mapema asijute wala asisite: mtoto wa miaka sita au minane ambaye hajawahi kusomewa huzoea katika muda mfupi, mradi kitabu cha kwanza kiwe cha kumvutia yeye.

Muda na mahali

Panga saa kwa kuhesabu kurudi nyuma. Akademia ya Tiba ya Usingizi ya Marekani ilitoa mwaka 2016 viwango vya usingizi kwa saa 24, ukiwemo ule wa mchana: saa 11 hadi 14 kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili, saa 10 hadi 13 kwa wa miaka mitatu hadi mitano, na saa 9 hadi 12 kwa wa miaka sita hadi kumi na miwili. Angalia mtoto anapaswa kuamka saa ngapi, ondoa saa anazohitaji, kisha rudi nyuma tena nusu saa kwa ajili ya kuoga, kusafisha meno na kusoma. Kosa linalofanyika mara nyingi ni kuanza kusoma wakati mtoto ameshapitiliza uchovu. Mtoto wa namna hiyo hulia, hukataa kila kitabu, na mzazi huhitimisha kwamba mtoto wake hapendi kusoma, kumbe tatizo ni saa.

Mahali pawe na mwanga wa kutosha kusomea bila kukaza macho, lakini usiwe mkali wa kuumulika uso. Kaeni ubavu kwa ubavu, au mtoto akiwa mapajani, ili wote wawili mzione kurasa kwa pamoja. Mzazi anayekaa upande wa pili na kukigeuza kitabu kila baada ya ukurasa hukata mtiririko wa kisa. Simu iwe mbali, na si ya mtoto tu. Mtoto hutambua mara moja sauti inayosoma huku mawazo yakiwa kwenye simu.

Vitabu vya karatasi ndivyo ninavyovipendekeza kwa saa hii. Utafiti uliochapishwa mwishoni mwa mwaka 2014 uliwalinganisha watu wazima waliosoma jioni kwenye kifaa chenye skrini inayotoa mwanga na siku walizosoma kitabu cha karatasi, na ukaona kwamba mwanga wa skrini ulipunguza homoni ya melatonini, ambayo huuashiria mwili kwamba ni wakati wa kulala, na kuchelewesha usingizi wao. Ikiwa kitabu kinapatikana kwenye simu tu, punguza mwanga wa skrini hadi mwisho, zima arifa zote, na ushike simu wewe mwenyewe.

Kuchagua kitabu

Huhitaji vitabu vingi. Vitabu vitano au sita vinavyopendwa vinaweza kutumika miezi kadhaa, na maktaba, shule au majirani wenye watoto wanaweza kusaidia kubadilishana. Kwa mdogo kabisa tafuta picha kubwa zilizo wazi, na maneno yenye vina na mapigo yanayojirudia. Kwa aliyekua kidogo tafuta mhusika mwenye tatizo linaloeleweka kwa umri wake: aliyepoteza kitu, aliyegombana na rafiki, anayeogopa giza. Hadithi za mazimwi na za kupotea porini zina nafasi yake, na watoto wengi huzipenda, lakini zisome mchana. Usiku mtoto hubaki peke yake na alichokisikia.

Mwache achague. Mpangie vitabu viwili au vitatu unavyovikubali, kisha uamuzi uwe wake. Mtoto aliyechagua mwenyewe husikiliza kwa makini zaidi, na ubishi wa "sikitaki hiki" huisha kabla haujaanza. Vitabu vya maarifa, vya wanyama, mashine, nyota au mwili wa binadamu, visidharauliwe. Wapo watoto ambao hadithi za kubuni haziwagusi, lakini watakaa kimya nusu saa wakielezwa namna kipepeo anavyotoka kwenye kifukofuko.

Namna ya kusoma

Hapa ndipo penye uzito wa jambo lote, kwa sababu wazazi wawili wanaweza kusoma kitabu kilekile kwa muda uleule na watoto wao wakavuna tofauti kabisa. Mwaka 1988 Grover Whitehurst na wenzake walichapisha jaribio la mwezi mmoja lililofanyika majumbani kwa watoto wa kati ya mwaka mmoja na nusu na miaka mitatu. Familia zote ziliwasomea watoto mara nyingi sawasawa. Kundi moja lilisoma kama lilivyozoea. Wazazi wa kundi la pili walifundishwa kuuliza maswali yasiyojibika kwa neno moja au kwa kuonyesha kidole, na kuyapanua majibu ya mtoto. Mwezi ulipokwisha, watoto wa kundi la pili walikuwa mbele katika uwezo wa kujieleza, na miezi 9 baadaye tofauti, ingawa ilikuwa imepungua, bado ilionekana.

Tuseme ukurasa una picha ya msichana aliyesimama kando ya ndoo iliyopinduka. Maji yametapakaa sakafuni, na nyuma ya mlango unaonekana mkia wa paka tu. Mzazi akiuliza, "Paka yuko wapi?", mtoto ataonyesha kwa kidole na mazungumzo yataishia hapo. Akiuliza, "Hapa kumetokea nini?", mtoto wa miaka mitatu huenda akajibu, "Maji yamemwagika." Mzazi anapokea na kuongeza: "Ndiyo, maji yametapakaa sakafu nzima kwa sababu ndoo imepinduka. Unadhani ni nani aliyeipindua?" Mtoto anaitazama picha upya, anauona mkia, anasema, "Paka!" Mzazi anamalizia: "Paka, na sasa amejificha nyuma ya mlango kwa sababu anaogopa kugombezwa." Katika sentensi hizo chache mtoto amesikia maneno kutapakaa, kupinduka na kugombezwa yakiwa yamefungamana na picha, amefikiri juu ya chanzo na matokeo, na ameonja namna ya kuingia ndani ya hisia za kiumbe mwingine, wala hakuna aliyemwambia kwamba anafundishwa.

Mbinu hiyo ina mipaka yake usiku. Mara ya kwanza msomapo kitabu kipya, kisome moja kwa moja ili kisa kisikatike. Maswali yasubiri usomaji wa pili na wa tatu. Hata hapo, maswali mawili au matatu kwa kitabu kizima yanatosha, na yote yaulizwe katika nusu ya kwanza. Mtoto asipojibu, jibu wewe na usonge mbele bila kuonyesha kwamba ameshindwa. Kuelekea mwishoni punguza kasi na ushushe sauti, kwani lengo la kurasa za mwisho ni kumtuliza.

Kuhusu sauti, si lazima uwe mwigizaji. Soma polepole kuliko unavyodhani inafaa, tua kidogo kabla ya kufungua ukurasa, na mpe mtoto kazi ya kuufungua. Wahusika wawili wakizungumza, sauti moja nzito na moja nyepesi zinatosha kuwatenganisha. Ukikutana na neno gumu, usisimame kulieleza kwa kirefu, libandike maana yake ndani ya sentensi uendelee: "Mfalme alighadhibika, alikasirika sana, akatoka nje."

Pitisha kidole chini ya maneno mara mojamoja. Mary Ann Evans na Jean Saint-Aubin walifuatilia mwaka 2005 mienendo ya macho ya watoto waliokuwa wakisomewa, wakakuta kwamba macho yalikuwa kwenye picha karibu muda wote na kwenye maandishi kwa nadra sana. Mtoto hataigundua kazi ya maandishi kwa kukaa karibu nayo tu, anahitaji kuonyeshwa. Jina la kitabu kwenye jalada, neno linalojirudia, au herufi ya kwanza ya jina lake mwenyewe ikitokea, vinatosha kwa usiku mmoja. Kupitisha kidole chini ya kila mstari kunachosha na kunamwondoa mtoto kwenye kisa.

Ipo pia namna ya kukihusisha kisa na maisha yake, nayo ni bora kuliko maswali yote: "Unakumbuka siku ile na wewe ulipopoteza kiatu?" Mara nyingi ni hapo mtoto hutoa jambo lililomkwaza mchana ambalo hakulisema alipoulizwa waziwazi. Likijitokeza, kiweke kitabu kando umsikilize. Ukurasa utasomwa kesho.

Mtoto akitaka kitabu kilekile

Wazazi huchoshwa na hili kuliko jambo lolote, nami nawaomba wavumilie, kwa sababu mtoto yuko sahihi. Jessica Horst na wenzake walionyesha mwaka 2011 kwamba watoto wa miaka mitatu waliosomewa hadithi zilezile mara kadhaa walijifunza maneno mapya zaidi kuliko waliosomewa hadithi tofauti zenye idadi ileile ya maneno hayo. Mara ya kwanza akili ya mtoto inashughulika na kisa. Akishajua kitakachotokea, anapata nafasi ya kuyasikia maneno. Ndiyo maana mtoto wa miaka minne anaweza kukukatiza ukiruka sentensi moja tu, na kukurudisha mahali halisi ulipoiruka. Tumia hali hiyo: ishia katikati ya sentensi anayoijua umwache aimalizie. Akianza kukishika kitabu mwenyewe na "kukisoma" kwa kukariri, hata akikosea maneno, usimsahihishe. Anajizoeza kuwa msomaji. Ukitaka kubadilisha ladha, weka kanuni ya vitabu viwili: kimoja akichague yeye, kingine wewe.

Vikwazo vya kawaida

Mtoto asiyetulia apewe hadithi fupi, na aruhusiwe kushika mwanasesere au kujilaza atakavyo; anayegaagaa bado anasikia. Anayeomba "kimoja tena" kila usiku apewe idadi kabla ya kuanza, na idadi hiyo iheshimiwe bila hasira, kwani ukiongeza usiku mmoja utaombwa nyongeza mwezi mzima. Wenye watoto wa umri tofauti wanaweza kuanza na kitabu cha mdogo huku mkubwa akisaidia kusoma, kisha mdogo akishalala wamsomee mkubwa chake.

Mzazi asiyesoma kwa ufasaha asijitoe. Anaweza kuzieleza picha kwa maneno yake, ukurasa kwa ukurasa, na mtoto akapata mazungumzo yaleyale niliyoyaeleza hapo juu. Vivyo hivyo, soma na zungumza kwa lugha unayoimudu vizuri zaidi, hata kama si lugha ya shuleni. Mtoto aliyezoea kufuata kisa na kujieleza katika lugha moja hatauanza upya uzoefu huo atakapojifunza nyingine. Anayerudi nyumbani usiku sana agawane siku na mtu mwingine wa nyumbani, na usiku wa uchovu mkubwa kurasa tatu zilizosomwa kwa utulivu ni bora kuliko kitabu kizima kilichosomwa kwa pupa.

Jambo moja sikubaliani nalo kabisa, nalo ni kumnyima mtoto kitabu kama adhabu. Akikosea mchana, adhabu na imalizike mchana. Kitabu kikishakuwa zawadi ya kutolewa na kunyang'anywa, mtoto hujifunza kwamba ukaribu wa mzazi nao una masharti.

Mtoto akishajua kusoma

Wengi huacha kumsomea mtoto siku anapoanza kusoma peke yake, na hapo hukatisha jambo katikati. Kwa miaka kadhaa uwezo wa mtoto wa kuelewa anachosikia huwa juu kuliko wa kuelewa anachosoma mwenyewe, kwa hiyo kumsomea humfikisha kwenye visa na fikra ambazo jicho lake bado halijaziweza. Hamieni kwenye vitabu virefu, sura moja kila usiku, mkianza kwa kumwachia akumbushe mlipoishia. Akipenda mpokezane kurasa. Asipopenda msomee wewe tu, kisha mwachie dakika chache za kusoma chake kabla ya kuzima taa.

Mzazi anayesoma na mtoto kila usiku huwa pia wa kwanza kugundua dalili ambazo wengine hawazioni: mtoto anayekisogeza kitabu karibu mno na uso, anayeinamisha kichwa upande mmoja ili aone, anayeomba kurudiwa karibu kila sentensi, au asiyegeuka anapoitwa kutoka nyuma. Dalili hizo si sababu ya kumkemea wala kumwongezea mazoezi kitandani; apelekwe akapimwe macho na masikio, na katika kipindi chote hicho usomaji wa usiku uendelee kama kawaida.